Kuomba uzamili wa elimu ya awali ukiwa Tanga: anza na jina, kisha swali

Kila Juni shule zikifungwa, napata wageni wawili watatu nyumbani Makorora, hapa Tanga, walimu wenzangu, kila mmoja na bahasha yake ya kaki kwapani. Wanataka kusoma shahada ya uzamili ya elimu ya awali, na hata kabla chai haijapoa swali huwa lile lile: "Mwalimu, fomu zinatoka lini?"

Fomu haina shida. Ukiwa na bando la kutosha na umeme haujakatika, unaijaza kwa siku moja. Vinavyokula miezi ni vitu viwili: majina yaliyoandikwa kwenye vyeti vyako, na swali unalotaka kwenda kulitafiti. Mimi nilianza na fomu nikapoteza mwaka mzima. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye hayo mawili, mengine nitayapitia mbiombio.

Hatua ya kwanza: jua unaomba nini

Uzamili, ambao wengine huuita umahiri, una sura zaidi ya moja. Upo wa kukaa darasani kwanza kisha ukaandika tasnifu. Upo wa tasnifu peke yake, wewe na msimamizi wako tu. Na upo wa masafa, ambao Chuo Kikuu Huria ndicho kinachojulikana nao zaidi. Kina kituo chake hapa hapa Tanga. Ukiniuliza mimi, mwalimu wa awali ambaye utafiti wake wa mwisho ni ule wa mwaka wa tatu chuoni achukue wa darasani na tasnifu. Ule wa tasnifu peke yake unawafaa watu waliokwisha kuzoea kuandika. Wewe uko Tanga, msimamizi yuko Dodoma, barua pepe yako haijajibiwa wiki ya tatu: ni upweke usioelezeka.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya muda. Kwa kiwango cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada ya uzamili ni krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Ukisoma saa tatu kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, ni jioni 600. Mtu anayekwambia utasoma huku unafundisha "bila shida yoyote" hajafundisha darasa la awali.

Halafu usitafute programu kwa jina moja tu. Vyuo vingine vina uzamili ulioandikwa waziwazi elimu ya awali au makuzi ya mtoto. Vingine wanaupitishia kwenye saikolojia ya elimu, au mitaala na ufundishaji, kisha wewe ndiye unayeipeleka tasnifu yako kwa watoto wadogo. Angalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Taasisi ya Maendeleo ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyoko Dar es Salaam. Ukikubali kuvuka mpaka, Chuo Kikuu cha Kenyatta cha Nairobi kina idara inayoshughulika na elimu ya awali. Maombi ya uzamili hupelekwa chuoni moja kwa moja, hayapitii TCU. Kazi yako na TCU ni kuhakikisha programu hiyo imeidhinishwa. Kama shahada yako ya kwanza uliipata nje ya nchi, Kampala tuseme, utahitaji pia TCU waitambue kabla chuo hakijaipokea. Hilo lianze mapema.

Alama: kwa vyuo vyetu mlango wa kawaida ni GPA, yaani wastani wa alama zako za shahada, ya 2.7 kwenda juu, yaani daraja la pili la chini, linaloishia 3.4. Daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, na la kwanza ni 4.4 hadi 5.0. Ukiwa chini ya 2.7 usikate tamaa papo hapo. Soma masharti ya chuo, kwa sababu wapo wanaoangalia uzoefu wa kazi au stashahada ya uzamili uliyosoma baadaye. Na aliyesoma shahada isiyo ya ualimu, sosholojia kwa mfano, mara nyingi ataambiwa apitie kwanza stashahada ya uzamili ya elimu. Hilo tulimalize hapo.

Hatua ya pili: majina yako yakubaliane

Mara ya kwanza nilipoomba, nilisafiri mwenyewe kupeleka karatasi. Alfajiri nilikuwa stendi ya Kange, mchana niko kwenye dirisha la udahili la chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mama mmoja mtu mzima alinipokea vizuri, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza kupanga vyeti vyangu mezani kama anayepanga karata. Cheti cha kuzaliwa: Mwanaidi Omari. Kidato cha nne: Mwanahidi Omary. Kitambulisho cha Taifa: Mwanaidi Omari Bakari. Shahada: Mwanaidi O. Bakari. Akavua miwani.

"Mwanangu, kati ya hawa wanne, anayeomba ni yupi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sisi watu wa pwani jambo hili linatuandama. Aliyekuandikisha darasa la kwanza aliandika jina alivyolisikia, Hamisi akawa Khamis, Omari akaingizwa *y*, jina la babu likaachwa na kurudi baadaye. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza. Chuo kinauliza.

Kwa hiyo fanya hivi, ikiwezekana leo usiku. Tandika mkeka, toa vyeti vyote, na kwenye daftari uyanakili majina herufi kwa herufi, kila cheti na mstari wake. Soma polepole, kwa sababu jicho huona jina linalolijua, si lililoandikwa. Kisha chagua jina moja la kusimamia. Mimi nashauri liwe la cheti cha kidato cha nne, kwa kuwa hicho ndicho kigumu zaidi kukigusa na ndicho vyuo huanzia. Tofauti ndogo za herufi, au jina la tatu lililopo huku na halipo kule, kwa kawaida humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kama jina limebadilika kabisa, labda uliolewa ukachukua la mume au ulibadili dini, hapo kiapo hakitoshi. Unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti cha kuzaliwa chenye makosa unakipeleka RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi. Kila moja ya ofisi hizi ina foleni yake na "njoo wiki ijayo" yake, ndiyo maana nasema uanze na hili miezi sita kabla.

Ukimaliza, vipeleke vyeti na transkripti kwa wakili avigonge muhuri, kisha nenda steshenari wavisikani vizuri, kila kimoja faili lake, lenye jina linaloeleweka. Usipige picha kwa simu juu ya kitanda. Nimewahi kuona transkripti iliyotumwa ikiwa na ua la shuka pembeni.

Hatua ya tatu: swali

Hapa ndipo maombi yanaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo walimu wengi wa awali wanajidharau. Wanadhani swali la utafiti linatoka kwenye vitabu vya Kizungu, kumbe wamelikalia darasani kila siku.

Mada yangu ya kwanza ilikuwa "Changamoto zinazowakabili walimu wa elimu ya awali nchini Tanzania". Najua umetabasamu, maana na wewe unayo. Tatizo lake si uongo. Changamoto zipo na kila mtu anazijua. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na sote tunajua tunaingia chumba chenye wangapi. Lakini hilo ni lalamiko. Msomaji wa chuo akilimaliza haoni wewe utakwenda kuangalia nini, kwa nani, ujue nini usichokijua sasa. Mwalimu mmoja mkubwa aliyelisoma aliniuliza neno moja tu: "Haya umeyaona wapi?" Nikakosa jibu, wakati nilikuwa nimeyaona darasani kwangu asubuhi yake.

Nikuoneshe swali langu la pili lilivyozaliwa. Nilikuwa na mtoto, mama yake anauza dagaa Sahare. Miaka mitano, mchangamfu, hakai kitini. Jumamosi moja nilikwenda kununua dagaa nikamkuta kwenye meza ya mama yake. Anapanga mafungu. "Mwalimu, yamebaki matano," akaniambia, bila kunyoosha kidole. Nikachukua mawili. "Matatu," akasema. Jumatatu nikamwandikia 5 ubaoni. Akaiangalia, akasema mbili. Nikampa visoda vitano mezani, akahesabu vizuri, moja mpaka tano. Nikamwuliza, "Haya, ni vingapi?" Akaanza kuhesabu upya.

Kaa na tukio hilo. Usilikimbilie. Lina maswali matatu ndani yake: anajua idadi kwa mafungu lakini hajui alama ya 5; anaweza kutaja namba kwa mfuatano lakini hajashika kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote; na kile alichokishika sokoni hakukivusha mlango wa darasa. Ukienda kusoma, unakuta watu wameshatembea humo. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walizieleza kanuni za kuhesabu za watoto wadogo mwaka 1978, na hiyo ya namba ya mwisho ni mojawapo. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walichapisha utafiti wao wa watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Sokoni, wakiulizwa bei na chenji, watoto wale walipata takriban asilimia 98 ya hesabu. Hesabu za namna ile ile zilipoletwa zikiwa tarakimu tupu, walipata kama asilimia 37.

Niliposoma hivyo nilisimama nikazunguka chumba. Ni mtoto wangu wa dagaa! Ila wale wa Recife walikuwa na miaka 9 hadi 15, na walikuwa wachuuzi wenyewe. Wangu ana mitano na amekaa tu pembeni ya mama yake. Tofauti hiyo ndiyo chuo wanayoiita pengo. Swali likawa: watoto wa darasa la awali wanaokulia kwenye biashara ya samaki wanajua nini kuhusu idadi kabla ya kuandikiwa tarakimu, na mwalimu akitumia mafungu darasani, kinachobadilika ni nini?

Hilo linaelezeka kwa dakika mbili hata kwa bibi yako, na ndiyo njia ninayowapimia walimu wanaokuja kwangu. Waambie watu wa nyumbani unataka kujua nini. Wakiuliza "sasa wewe utafanyaje ujue?", swali lako lina uhai. Wakisema "hongera", rudi mezani.

Wewe huenda hufundishi pwani. Kule Lushoto mtoto anaingia darasani na Kisambaa kinywani, kule wilaya ya Mkinga anaingia na Kidigo, na mtaala ni wa Kiswahili. Hapo pana swali. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika madarasa ya awali Januari 2024. Mwalimu aliyefundisha wa zamani na huu mpya ana jambo la kusema ambalo profesa hana. Kwa muda wa mwezi mmoja weka daftari dogo mfukoni, andika kila mtoto anapokushangaza: tarehe, alichofanya, maneno yake kama alivyoyasema. Usiandike majina yao halisi. Mwisho wa mwezi soma yote kwa mkupuo mmoja, utaona kuna kitu kinajirudia.

Andika pendekezo lako la utafiti kwa Kiswahili kwanza mpaka likae sawa, ndipo ulihamishie Kiingereza, maana uzamili wa elimu katika vyuo vyetu husomwa kwa Kiingereza. Nilipoanza moja kwa moja na Kiingereza, nilikuwa naandika sentensi ninazoziweza badala ya ninachokijua. Na usisahau aya ya maadili: utamwombaje mzazi ridhaa, na mtoto asiyetaka kucheza mchezo wako siku hiyo utamfanyaje. Kwa watafiti wa watoto wadogo wasomaji huangalia hapo haraka sana.

Hatua ya nne: barua ya kujieleza

Kurasa mbili zinatosha. Anza na tukio, si na "Mimi ni mtu mwenye ari kubwa ya kujifunza". Sema umefundisha wapi na kwa miaka mingapi, umejaribu nini kikafaulu, umejaribu nini kikashindikana, swali lako ni lipi, kwa nini chuo hiki na si kingine. Sehemu ya mwisho inahitaji uwe umesoma wahadhiri wa idara wanaandika juu ya nini. Ukimpata anayekaribiana na swali lako, mwandikie barua pepe fupi ya heshima, aya mbili, uulize kama angependa kusimamia kazi ya namna hiyo. Asipojibu baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja tu.

Ukitaka kuonesha kwamba jambo lako linagusa nchi, ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, ambayo inamtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Sentensi moja inayoiunganisha na swali lako inatosha. Nimeona barua iliyoinakili programu hiyo kurasa tatu. Mwombaji mwenyewe hakuonekana.

Hatua ya tano: wadhamini

Hawa ni watu wa kukuandikia barua ya kukuelezea chuoni, si wa kukulipia ada. Vyuo vingi hutaka wawili au watatu, angalau mmoja aliyekufundisha chuoni. Wape wiki nne, na usiwaache waandike gizani. Mwalimu mkuu wangu, mtu mwema kweli, aliniandikia: "Ni mwalimu mchapakazi, mwenye nidhamu na ushirikiano." Barua hiyo ingemfaa hata mlinzi wa benki. Mara ya pili nilimpelekea ukurasa mmoja wa mambo niliyofanya naye akiyaona. Nikamwambia, "Mwalimu mkuu, hapa nimekukumbusha tu, wewe ndiye unajua." Safari hii aliandika jinsi nilivyogawa darasa la watoto 84 kwa kona nne, nikatumia vifuu na visoda kwa kukosa zana, na jinsi wazazi walivyoanza kuleta vifuu wenyewe. Maneno yalikuwa yake. Mimi nilimletea kumbukumbu.

Hatua ya sita: mwajiri na pesa

Ukiwa mwajiriwa wa halmashauri, usiondoke kwa mdomo. Uwe umeshathibitishwa kazini, na jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla hujapata nafasi, maana afisa utumishi ataliangalia huko kwanza. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo hupita kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata hadi kwa Mkurugenzi, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Ibaki kwako, nasema tena. Ya kwangu ya kwanza "haikuonekana", na sikuwa na ushahidi kwamba niliwahi kuipeleka.

Pesa ziorodheshe zote: ada, nauli za Dar au Dodoma, chumba, bando, kuchapa na kujalidi tasnifu, gharama za kwenda kukusanya data. Wanaosahau hiyo ya mwisho hukwama mwaka wa pili. Ufadhili wa nje upo. Chevening ya Uingereza hutaka saa 2,800 za uzoefu wa kazi baada ya shahada ya kwanza, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili; dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Jumuiya ya Madola nao wana ufadhili wao, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, limekuwa likifadhili watu wasome vyuo vya humu humu Afrika. Omba, lakini omba chuo cha nyumbani pia. Namjua mwalimu aliyesubiri Ulaya miaka minne huku Dodoma ipo.

Hatua ya saba: kutuma

Ada ya maombi kwa vyuo vya umma hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontro namba. Lipa mapema, uhifadhi ujumbe wa muamala. Usitume siku ya mwisho usiku. Mfumo huwa mzito, na Tanga umeme una tabia zake. Weka barua pepe unayoifungua kweli, si ile uliyofunguliwa na kijana wa steshenari ukasahau neno la siri.

Baadhi ya vyuo watakupigia kukuhoji. Mimi nilipigiwa nikiwa uwanjani na watoto, kelele mtindo mmoja, nikaomba dakika tano nikaingia stoo ya madawati. Waliniuliza mambo matatu, na mawili yalihusu mafungu ya dagaa.

Barua ya kukubaliwa ikija, soma tarehe ya mwisho ya kuthibitisha kabla hujampigia mtu yeyote, thibitisha, kisha upeleke nakala kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo. Kama ruhusa haijatoka, andikia chuo kuomba kuahirisha. Usinyamaze tu, watakufuta. Halafu kaa na mwalimu atakayechukua darasa lako. Mwoneshe sanduku la visoda lilipo, nani hulia asubuhi mama akigeuka, na nani ukimwandikia 5 ubaoni anasema mbili.